Sikuikimbia Picha Yako, Nasra

Mpendwa mjukuu wangu Nasra,

Assalaam aleikum. Itikia huko huko Nairobi uliko, na uitikie kwa sauti, maana miezi mitano imepita tangu uondoke hapa Kibokoni na sauti yako sijaisikia. Mimi ni mzima, ila goti. Ungekuwa na adabu ungekuwa umeshaliuliza.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, na nimemwambia mume wa Bi Rukia jirani yetu, yule karani wa bandarini Kilindini, aipeleke kwa watu wa gazeti waitoe kama ilivyo. Wao ndio walioandika ati wanawake wa Mombasa waliikimbia picha yako kabla haijaisha, wakiongozwa na nyanya yako mwenyewe. Basi na mimi nisomwe. Wakiona herufi zangu zimepinda, wakulaumu wewe mwalimu wangu. Ulikuwa darasa la tatu, umenikalisha mkekani, na kila nikikosea wanigonga vidole kwa rula: "Nyanya, huna bidii!" Mimi niliyekulea!

Na sinema nani alikupeleka mara ya kwanza? Si mimi? Hujafika hata miaka mitano, nikakufunika na buibui langu tukaenda siku ya wanawake, alasiri, siku ambayo mwanamume haingii hata akiwa na tikiti. Umeshika kikaratasi chako cha njugu. Yule bibi wa kwenye picha ya Kihindi akasikia mume wake mwovu anabisha hodi, na ukumbi mzima ukampigia kelele, "Usimfungulie, mwana wewe!" Ukapanda juu ya kiti ukapiga kelele kuwashinda wote. Akafungua. Ulilia mpaka nyumbani. "Nyanya, kwa nini hakunisikia?" Nikakujibu, "Ukikua tengeneza picha yako, huyo wako atakusikia." Nilitaka unyamaze tu. Sikujua wewe maneno ya mtu huyaweka.

Ukakua, ukasoma, ukarudi na mashine yako ya kupigia picha. Ukanikalisha barazani nikuelezee vita vya Hitla vilivyokuwa hapa kisiwani. Nikakwambia madirisha yalivyozibwa kwa kitambaa cheusi, mchele ulivyopotea, tukala unga wa mahindi wa manjano mpaka harufu yake ikawa inanipanda kichwani. Nikakwambia mimi na ndugu yangu mdogo tulitoroka kwenda Kilindini kutazama manowari, mvua ikatukuta njiani, yeye akashikwa na homa, na siku ya nne akawa hayupo. Mimi nilikuwa na miaka minane, yeye mitano. Hapo nikainuka nikaenda kutia nazi mchuzini. Na kwa hicho kidogo nilichokupa ukatengeneza picha ya saa mbili.

Ng'ambo wakakupa cheti. Bwana mmoja wa gazeti la Nairobi akaandika kuwa picha ni nzuri lakini yaenda polepole, na kwamba ni picha ya vita isiyo na vita. Karani alinisomea. Nikamuuliza, "Alitaka kuona nini, mizinga?" Sisi mizinga hatukuiona. Tuliona mama akiufungia mchele sandukuni kwa kufuli, ufunguo kauficha kifuani. Hilo umelionyesha, na umelionyesha sawasawa.

Ndipo ukaileta kwetu. Ulitaka ionyeshwe siku ya wanawake, ukumbi ule ule. Kibokoni yote ilihamia huko, na mimi mkubwa wao nikawekwa kiti cha mbele. Haikupita dakika tano wakaanza. "Buibui gani hilo? Zamani lilikuwa la kufunga kamba kichwani!" "Mchele mweupe hivyo wa vita gani?" "We mama, mtoto ana homa huyo, mguse shingoni!" Ulikuwa umesimama kwenye pazia la mlangoni, nikageuka nikakuona umejikunyata. Ujinga huo umeupata wapi? Miaka sita ya kusoma ilikusahaulisha wanawake wa kwenu? Picha isiyowapendeza wao huisinzilia. Wakikosoa buibui, jua wameshaingia ndani ya nyumba ile, wanataka kuipanga vizuri.

Sasa nakueleza lile ambalo sijamwambia mtu.

Siku aliyokufa ndugu yangu, mama alinifungia chumba cha juu nisione. Nilisikia wanaume wakipanda ngazi, nikasikia wakishuka, nikasikia sauti za kumtaja Mungu zikiishilia uchochoroni. Jeneza sikuliona. Zaidi ya miaka hamsini nimekuwa mtu ambaye ndugu yake alitoka nyumbani bila yeye kumuona akitoka. Halafu nimekaa kitini na buibui langu, na wewe, mtoto uliyekuwa unalala na kidole mdomoni, ukanifungulia mlango ule kwenye picha yako. Wale wanaume wakatoka. Jeneza dogo, limefunikwa kitambaa cha kijani, limebebwa na watu wawili tu, maana mwenyewe alikuwa hana uzito.

Nikasimama. Jeneza likipita watu husimama, nani asiyejua? Nilimsimamia ndugu yangu. Hilo tu.

Lakini nilikuwa mkubwa wao, na nilikuwa mbele. Wewe wajua mambo yetu yalivyo. Maulidini, arusini, mkubwa akiinuka ndiyo shughuli imekwisha, kila mtu hutafuta viatu vyake. Bi Rukia akanishika mkono, "Bi Mkubwa, mbona wa baridi hivi? Twende ukapate hewa." Nyuma yetu nikasikia, "Kumekwisha?" "Kumekwisha, Bi Mkubwa yuwenda." "Haya, vaa, tusimkalishe nje!" Wote wakainuka. Wanawake mia na ushei, na watoto wao, wanakupita pale mlangoni wakikupa mkono, "Hongera mwanangu, Mungu akuzidishie," na huku nyuma picha yako yaendelea kuvisimulia viti vitupu. Nikakuona uso. Ulidhani ni kejeli.

Kulikuwa na njia ya kuyarekebisha, na aliyeiharibu ni mimi. Ulipofika nyumbani ulinijia jikoni, hata viatu hukuvua. "Nyanya, uliichukia?" Nami macho yamenivimba, sikutaka uyaone, nikakupa mgongo nikasema, "Picha ndefu." Maneno mawili, Nasra! Mtu mzima kama mimi, mwenye ulimi unaoogopwa mtaa mzima, nikakosa la maana la kukwambia. Kulipokucha umeshapanda basi.

Sasa shangazi yako anasema umeachana na picha, waandika matangazo ya sabuni. Sabuni! Kwani kwetu nani mchafu? Anasema ulimwambia, "Kama nyanya hakuweza kuitazama, nitamtengenezea nani?" Niliposikia hayo sikula mchana ule, na wewe wanijua mimi kwa chakula.

Basi nimekwenda kwa mwenye sinema. Nilipanda zile ngazi zake na goti hili, nikamkuta akinywa chai.

"Nataka picha ya mjukuu wangu irudiwe, siku ya wanawake."

"Wao si waliikimbia, mama?"

"Nani aliikimbia? Kila siku wananijia barazani kuniuliza yule msichana aliyefiwa na nduguye alifanyaje baadaye. Mimi nitawajibu nini, nami sijui?"

Akacheka, akasema ukumbi upo. Kisha akauliza, "Na huyo mjukuu wako, atakuja?"

Nilijifanya napumzisha goti.

Kosa ni langu. Sijawahi kuandika neno hilo, na sasa wanalisoma watu wa Nairobi, kwa hiyo usiniombe nilirudie. Uje na picha yako. Safari hii nimewatangazia wote kuwa anayeinuka kabla taa hazijawashwa nisimuone tena mlangoni kwangu. Mimi kwenye jeneza nitasimama, halafu nitakaa. Nataka kuujua mwisho.

Na ukirudi kwenye mashine zako, kuna jambo la kutengeneza. Si buibui. Yule mtoto umemwita Saidi kwa sababu kila uliponiuliza jina lake nilikufukuza, mara ukatafute chumvi, mara ukafunge dirisha. Hata mama yako hakupata kulisikia. Tangu siku ile ya chumba cha juu sijalitamka, na sasa naliandika kwa herufi ulizonifundisha wewe.

Aliitwa Mbwana. Litie hilo jina.

Mungu akuhifadhi mpaka nikuone.

Ni mimi nyanya yako, dada yake Mbwana.