Tulimwandalia Meneja Hotuba

Dada yangu,

Huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimepungua, na paka kazaa kabatini mwangu, juu ya mashati.

Juzi ofisini tulimwandalia meneja hotuba. Alitaka kusema, "Nitapunguza wafanyakazi." Tukafuta "ni," tukaweka "tu": "Ndugu zangu, tutapungua kidogo ili tusimame." Tukamfundisha anyamaze hapo, kisha ashushe sauti. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mumeo, safu ya mbele, alisimama kabisa. "Huyu bwana anajua kuongea!" akaniambia.

Leo orodha ya wanaoachishwa kazi imebandikwa getini. Shemeji ni wa tatu.

Nimeisoma tena barua hii. Hiyo "tulimwandalia" ifute, dada. Ofisini nilikuwa peke yangu.

Ni mimi,
mdogo wako