Vikombe vya Oneida

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ulipotutoka ukiwa umekaa nyuma ya usukani, uani kwetu hapa Hazel Park, na injini ikiendelea kunguruma.

Ulishuka kutoka milima ya Kentucky ungali kijana, ukaajiriwa kwenye kiwanda cha magari Detroit, ukafunga milango ya magari ya watu wengine hadi ulipostaafu. Ulikuwa mpole. Theluji ikianguka, koleo lako lilifika kwenye milango ya majirani kabla ya mlango wetu. Ulimega mkate wa mahindi ndani ya maziwa ukala kwa kijiko, na aliyekucheka ulimcheka pia. Lakini kwenye jambo moja hukuwa na simile: gari lipi lina haki ya kuitwa gari la misuli.

Watu walikuletea magari yao uyatolee hukumu, nawe ulizitoa ukiwa umeegemea gari lako mwenyewe, Chevelle ya buluu, mikono kifuani.

“Kwanza mwili,” ulikuwa ukisema. “Uwe wa wastani, gari la mtu na mkewe kwendea kanisani. Halafu kiwanda chenyewe kipagawe, kitie humo injini iliyotengenezewa jigari kubwa. Kiwanda, si shemeji yako kwenye gereji yake! Silinda nane, hakuna mjadala. Milango miwili. Magurudumu ya nyuma ndiyo yasukume. Na kijana anayekaza boliti aweze kulinunua. Likimfaa daktari wa meno peke yake, hilo ni pambo.”

Baba mdogo Hobart hakuchoka kukuletea Impala yake, ndefu kama ukumbi.

“Injini ninayo, kaka! Fungua boneti uone.”

“Injini unayo, Hobart, ila umeitia sebuleni. Hebu sogeza sebule yako, inanizibia jua.”

Lou Kaminski wa nyumba ya pili alikuja na Mustang ya silinda sita, ameing'arisha hadi unaweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Ukaizunguka, ukaisifu rangi, ukamwomba aiwashe. “Sura nzuri, Lou,” ukamwambia. “Sauti ni ya cherehani ya mama mkwe wangu.” Lou hakusema nawe wiki nzima, kisha akaja kuazima spana.

Gari lililopita maswali yote lilibakiza mtihani mmoja, nao ulikuwa wa Mama. Liliegeshwa chini ya dirisha la jikoni, likaachwa lingurume lenyewe bila kukanyagwa mafuta. Mama alikaa mezani na kahawa yake, akisikiliza vikombe alivyorithi kwa mamake, vile vyembamba vyenye maua, vinavyoning'inia kwenye ndoano kabatini. Vikigongana, alitoa kichwa dirishani: “Ndilo!” Visipogongana: “Ondoa takataka hiyo, inanichafulia hewa bure.” Hakuna aliyekata rufaa.

Chevelle yako ilivigonganisha kila Jumamosi, kuanzia mvua za Aprili zikishaosha chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani hadi theluji ya kwanza. “Del, utanivunjia urithi wangu!” Mama alikuwa akipiga kelele. Nawe ulimjibu kwa sauti ile ile, juu ya ngurumo: “Havijavunjika tangu tuoane, Oneida. Vinacheza!”

Siku ile ulipotutoka pia vilicheza. Mama alivisikia, akajua upo nje, mzima, unajitamba kwa mtaa mzima. Akajimiminia kahawa, akainywa polepole, akaongeza nyingine. Binti yako Treva alipofika na maandazi ya kanisani ndipo alipokukuta, kichwa umekilaza kama mtu anayesikiliza kitu kwa makini. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, kwamba hata mtu angekuwa ubavuni mwako asingeweza kitu. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Vikombe vilikuwa vinacheza,” alimwambia. “Mimi nilikuwa nakunywa kahawa, na vikombe vilikuwa vinacheza.”

Tangu hapo ndilo neno lake. Tumemwambia hakukosa, mchungaji amemwambia, naye huitikia tu. Baada ya mazishi alivifunga vikombe vyote kwa magazeti, akavitia kwenye boksi, akalipeleka kwenye chumba cha chini ya nyumba. Mwanao Vernon aliingiza Chevelle kwenye gereji, akachomoa betri, akafunga mlango. Tulidhani nyumba itatulia.

Haikutulia, Baba. Asubuhi za Jumamosi Mama aliinua mkono mezani na kutunyamazisha. “Mnasikia?”

“Hatusikii kitu, Mama.”

“Yuko nje.”

Wala hakwenda kutazama. Alikaa akikodolea macho kabati tupu, kiganja juu ya meza kana kwamba anaizuia isitikisike, mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaacha kahawa kabisa. Akapungua, nguo zikamning'inia, akawa analala kitini jikoni kwa kuhofia kupitwa tena. Tuliogopa kwamba kabla mwaka haujakwisha angekufuata.

Na tukuambie ukweli, maana hukupenda kudanganywa: nasi tuliingiwa na hofu. Vernon, asiyeamini mizuka, alianza kuingilia mlango wa mbele ili asipite gereji. Desemba, Treva akiosha vyombo, alisikia kikombe chembamba kikigonga kikombe chembamba, mara mbili, nyuma ya mgongo wake. Alilifungua kabati. Ndani mlikuwa na ndoano tu, na moja ilikuwa ikibembea. Alimaliza vyombo akiwa ameliangalia kabati, maji yakimwagika sakafuni.

Baba mdogo Hobart alitaka kusaidia kwa njia yake. “Shemeji, injini ikikaa hivi itakwama. Niuzie mimi. Angalau nife nikiwa na moja ya kweli.”

“Kaa na sebule yako, Hobart,” Mama akamjibu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kumsikia akitania. Tulicheka kupita kiasi cha mzaha wenyewe.

Jumamosi iliyopita alipanda ngazi na boksi kifuani, hakutaka kupokewa. Aliviosha vikombe kimoja kimoja, akavitundika. Kisha, bila kugeuka: “Vernon, itoe.”

“Mama, una hakika?”

“Nimekuambia uitoe, sikukuomba ushauri. Iegeshe pale pale.”

Vernon na Hobart waliisukuma hadi chini ya dirisha, wakatia betri mpya na petroli safi. Ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikakohoa tena, na Hobart akaanza kuomba kwa sauti kama yuko kanisani. Kisha ikashika. Mtaa mzima uliisikia. Lou Kaminski alitoka kibarazani kwake na kofia mkononi, akasimama hivyo hivyo.

Jikoni Mama alikuwa amejimiminia kahawa, ya kwanza tangu majira ya baridi. Kikombe cha karibu na dirisha kilianza, kikagusa cha pili, halafu vyote. Treva alikuwa ubavuni mwake akauona mkono wake ukikifikia kishikio cha kikombe chake, ukasita, ukakiacha.

Mama aliinuka. Alitoka na slipa zake juu ya majani yenye umande, hakukimbia, lakini hakusimama njiani. Akalifikia gari, akainama, akachungulia ndani. Vernon alikuwa amekaa pale ulipokuwa umekaa, mikono yote miwili kwenye usukani. Akashusha kioo.

“Mama?”

Alimshika shavu. Akakiacha kiganja chake pale muda mrefu, kama anayempima mtoto homa, naye Vernon hakuthubutu kusogea.

“U mzima,” Mama akasema.

“Ni mzima, Mama.”

“Basi zima hilo, uje unywe kahawa.”

Alikunywa vikombe viwili, Baba. Akala na andazi.

Wanaokukumbuka: mkeo Oneida. Wanao Vernon na Treva. Mdogo wako Hobart, anayesisitiza hadi leo kwamba Impala inastahili. Lou Kaminski na jirani zako wote wa mtaani. Na wenzako wa kiwandani waliobaki. Chevelle haiuzwi. Vikombe vipo kwenye ndoano zake, na siku zote tutakazojaliwa, kila vitakapoanza kucheza, mmoja wetu atatoka nje kukuangalia.