Mama Alijua Kuhusu Jicho

Shoga, soma tu, usinipigie. Niko wodini, nikisikia sauti yako nitalia.

Mama alijua. Mama yangu mzazi! Alijua tangu miezi mitano iliyopita.

Leo daktari wa macho amethibitisha kwamba kile kitu cheupe kwenye mboni ya binti yangu ni saratani. Kisha akafungua faili akasema, "Lakini mliambiwa mwezi wa tatu. Bibi yake ndiye aliyemleta."

Nikadhani amekosea faili. Namgeukia mama, anatazama sakafu.

"Mama, uliambiwa?"

"Niliogopa watamng'oa jicho, mwanangu."

Hakuna aliyetaka kuling'oa! Wakati ule uvimbe ulikuwa kama punje ya mtama, mionzi ya leza tu ingetosha. Sasa ni dripu za dawa kwanza ili usinyae, ndipo leza. Daktari anatumaini jicho litabaki. Kuona, hakuahidi.

Na mimi kila jioni nikitoka kazini namuuliza mama, "Mtoto ameshindaje?" "Salama." Kila jioni, shoga. Salama!

Nikamwambia aende zake, asimguse mwanangu tena. Akachukua mkoba, akatoka.

Dripu ilipoanza nikampakata mtoto, nikambembeleza, hanitaki. Ananisukuma kifuani, macho mlangoni, analia, "Bibi! Bibi!"

Nimeshindwa. Nimemtuma muuguzi akamrudishe.

Yuko hapa, amempakata, mtoto amenyamaza. Mimi na yeye hatusemezani.