Siku Niliyokataa Kusema Nagaa

Isiolo, Jumapili, mwezi wa tisa, 1983. Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi la mtaa wetu wa Bulla Pesa limeingia hadi kwenye chai. Kanisani sikwenda.

Naogopa kutoka chumbani. Uani yuko Mama Galgalo, mwenye ploti hii ninayopanga, na wiki hii nimemuumiza. Wacha niandike kabla sijaanza kujitetea.

Tangu mwaka jana huwa naenda kila Jumamosi kwa Mwalimu Desai, Mhindi anayefundisha hesabu hapa mjini, na yoga nyumbani kwake. Nilimwendea kwa sababu ya mgongo, maana kupiga taipu kutwa kumenizeesha kabla ya wakati. Yeye akasema kukunja viungo ni kazi ndogo, yoga inaanzia kwenye tabia. Nadhiri ya kwanza ni ahimsa, kutomdhuru yeyote. Ya pili ni satya, kusema kweli. Akanionya kwamba hazikupangwa hivyo kwa bahati: ya pili lazima iombe ruhusa kwa ya kwanza.

Mimi nikairukia ya pili. Hakuna anayekusifu kwa sababu leo hukumdhuru mtu. Nikajiwekea siku arobaini bila uongo, hata mdogo, nikawa natia alama kwenye kalenda ya ofisi niliyoitundika chumbani. Niliwachosha watu. Karani mwenzangu nilimwambia chapati zake ni ngumu, na hakuwa ameniuliza.

Jumatatu ilikuwa siku ya thelathini na moja.

Asubuhi hiyo simu ililia ofisini kutoka Nairobi. Galgalo, dereva wetu, mtoto wa pekee wa mama mwenye ploti, alikuwa amefariki hospitalini. Mkubwa wetu akasema wazee wa Kiborana wataarifiwa, nao ndio watakaompelekea mama habari alasiri. Sisi tunyamaze.

Saa ya chakula nilirudi nyumbani. Ningeweza kubaki ofisini. Sikubaki.

Mama Galgalo alikuwa peke yake uani, akipepeta mchele. Akanisalimu kama siku zote: "Nagaa, Kananu?"

Nimeishi na Waborana miaka mitatu, najua jibu. Unajibu nagaa, amani, hata kama nyumbani kwako kuna maiti. Amani hutangulia. Habari mbaya huja baadaye, mtu akiwa ameketi, wanawake wakiwa karibu naye, na mzee akiitoa polepole. Hakuna Mborana anayeona huo ni uongo. Mimi, Mmeru mwenye kalenda, ndiye niliyeuona uongo.

Nikanyamaza. Akauliza tena, "Nagaa?" na safari hii sauti yake ilikuwa ya kunisihi.

"Hapana, Mama," nikasema. "Galgalo amekufa leo asubuhi."

Alikaa chini palepale, mchele ukamwagika. Hakupiga kelele. Alitazama huku na huku akitafuta mtu, na mtu aliyekuwepo ni mimi tu. Nikamshika mkono, akautoa. Tulikaa hivyo mpaka jirani alipochungulia, akaita wenzake.

Wazee walipofika, wamevaa vizuri na maneno yao wameyapanga, walikuta hakuna la kusema. Mmoja aliuliza nani aliyemwambia. Akaonyeshwa mimi. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

Jambo la aibu, ambalo sijamwambia mtu, ni kwamba jioni ile nilitia alama ya siku ya thelathini na moja.

Jumatano nilikutana na Mama Galgalo kwenye bomba la maji. Nikamsalimu kwa desturi yao, nagaa, Mama? Alikuwa na siku mbili tu tangu apoteze mwanawe. Aliniangalia, akajibu, "Nagaa," akajitwika mtungi akaenda. Nililia pale bombani mbele za watu.

Jana nilimweleza Mwalimu Desai yote. Nadhani nilitaka aniambie kwamba kweli ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulimwambia kwa ajili yake," akauliza, "ama kwa ajili ya siku zako arobaini?"

"Kwa ajili yake," nikajibu.

Hakubisha. Akaniambia tufanye mazoezi ya kupumua.

Huo ndio uongo wangu wa kwanza tangu nianze, na niliusema upesi, bila hata kumeza mate. Nagaa, ambayo isingemdhuru mtu yeyote, ilinishinda. Uongo huu wa kujificha nyuma ya Mama Galgalo ulinitoka kwa urahisi.

Kesho nimeamua kumwendea Mama Galgalo, nimwambie kwamba siku ile sikumfikiria yeye, nilijifikiria mimi. Ni kweli tupu. Ila nimekaa hapa tangu asubuhi nikijiuliza swali moja na sipati jibu: mama huyu, ambaye bado ana matanga ndani ya nyumba, ana haja gani ya kuisikia kweli hiyo, kama si mimi tu ninayetaka kuutua mzigo wangu kichwani pake?