Kitochi Chako Hakikuharibika

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nimechoka, na uchovu huu haupoi kwa kulala.

Unakumbuka nilivyoanzisha grupu la ukoo kwenye simu? Tulikuwa wanane tu, tukitakiana asubuhi njema, na wengine wakituona hatuna kazi. Kisha harusi ya dada ikapangwa humo, na asiyekuwemo akawa hajui hata sare ni ya rangi gani. Wakaingia wote, hata baba mkubwa aliyeapa kwamba simu ya kupapasa ni mchezo wa watoto. Wewe ukacheka: "Kitochi changu kinapiga, kinapokea. Mnataka kipike na ndizi za machalari?"

Zamani habari ya msiba ilipanda kwetu Mwika kwa miguu. Aliyeileta alikaribishwa, akapewa pombe ya mbege, mkalia pamoja. Grupu lilipojaa tukaacha kutuma mtu, halafu tukaacha hata kupiga. Kitochi chako hakikuharibika, mama. Ni sisi tuliohama.

Binamu yako Akwilina alipofariki, tangazo liliwekwa kwenye grupu. Niliandika "poleni", nikaendelea na kazi. Nilidhani dada amekwambia. Dada naye alidhani nimekwambia mimi. Ukasikia sokoni, siku mbili baada ya maziko, ukanipigia papo hapo.

"Mmemzika Akwilina mimi nikiuza ndizi?"

"Mama, ilitangazwa kwenye grupu."

"Grupu ndiye nani, mwanangu? Mbona hakuja kuniambia?"

Aibu ile ninayo mpaka leo. Jumamosi nilikuletea simu kubwa, nikakuingiza. Ulituma ujumbe wa sauti mmoja tu maisha yako yote: "Nawasalimu wote. Na nani mwingine hayumo humu?"

Watu wakabonyeza mioyo na dole gumba. Hakuna aliyekujibu, hata mimi niliyeketi karibu yako.

Tulipokuzika nilitaka kutoka humo. Nilishindwa. Nikitoka, nani atanikumbuka? Wote wamo, basi nami nimo, nimekaa tu kama mgeni aliyekosa usafiri wa kurudi.

Leo, hapa ninapoishi Shirimatunda, nimesikiliza tena sauti yako, nikachukua kalamu kuandika majina ya wasiokuwemo. Nimekwama kwenye jina la kwanza: Mama Veronika wa Tarakea, uliyepata naye kipaimara. Hakuna aliyemwambia, mama. Kwake yeye bado u hai.

Kesho naenda kumwambia kwa mdomo wangu. Pumzika, na unisamehe.

Mwanao, kitinda mimba wako