Umeme Ulioununua Wewe, Baba

Baba,

Mwangaluka. Najua ungeitikia salamu, uulize kwanza habari za mama, halafu za ng'ombe, ndipo unifikie mimi. Mama siku hizi anapata usingizi. Ng'ombe wazima. Mimi siko sawa, Baba, nisikudanganye.

Bajaji yako ya umeme ilikaa uani tangu tulipokuzika. Nilikataa isiguswe. Jioni ile uliichaji ikajaa kabisa kwenye kile kituo karibu na stendi ya Bariadi, ukaja ukaiegesha, ukala ugali, ukalala. Asubuhi hukuamka. Umeme ule ndio kitu cha mwisho ulichonunua hapa duniani. Baba mdogo aliponyoosha mkono achukue ufunguo, nilimfokea mbele za watu. Mimi, Kabula wako, kumfokea mkubwa! Ungenichapa.

Kila asubuhi nilikuwa naiwasha nitazame tu kioo kinachoonyesha umeme uliobaki. Loo, umeme ukawa unapungua wenyewe! Nikaacha kuiwasha, nikidhani mimi ndiye ninayeumaliza. Nilipokuja kutazama tena, ulikuwa umeshuka zaidi. Nilikaa chini pale pale kwenye matope nikalia, maana nilikuona unaondoka mara ya pili na sina pa kukushikia.

Mama ndiye aliyesema betri ikikaa tupu itakufa, na bajaji hiyo ndiyo inayotulisha. Basi jana nikaipeleka. Niliendesha polepole mno. Bodaboda wananipigia honi, wengine wananitukana, wala sikujali. Nilikuwa nakutumia wewe, Baba, ningekimbilia wapi?

Kituoni nikakukumbuka unavyogombana na ile mashine. "Nalipaje kitu sijakiona? Hata ng'ombe unamkagua meno kwanza!" Mashine haijui ubishi, mpaka ulipe kwa simu ndipo itoe umeme. Ukishalipa, huku unasonya, wenzako wanakwenda kunywa chai, wewe unabaki umesimama unatazama namba zinavyopanda, usije ukaibiwa. Nilikuwa nakucheka. Baba wee, nilikuwa nakucheka sana.

Jana nilichomeka waya, nikaingiza namba ya mashine kwenye simu. Nilipofika kwenye namba ya siri, vidole vikagoma. Mama Ngolo, yule mhudumu mliyekuwa mnataniana naye, akaja kuuliza kama mtandao unasumbua. Nikamwambia hapana. Halafu nikamuuliza swali la kijinga: umeme mpya ukiingia, ule wa zamani unakwenda wapi? Akanitazama. Akaitazama bajaji, akajua ni ya nani. Akasema, "Unabaki chini, mwanangu. Mpya unakaa juu yake."

Nimemaliza kidato cha nne, Baba. Najua si kweli, na yeye alijua kwamba najua. Nikamshukuru, wabeja, nikalipa. Sikwenda kunywa chai.

Sasa pumzika, baba yangu. Mama nitamtunza, na baba mdogo nitamwomba radhi, hilo usihangaike nalo. Bajaji nitaiendesha mimi, na nakuahidi haitaishiwa hata siku moja. Nitakuwa naichaji mapema, ingali na kidogo, nisije nikaufikia ule wako.

Kwaheri, Baba.

Kabula