Vifuko Vitupu Navyo Vilivuja

Mbale, Jumanne

Leo tena! "Protini imeingia, mzee! Angalia rangi vile inatoka," akasema Nambozo, mwanafunzi wangu, akicheka kama aliyeshinda uchaguzi.

Vifuko vyetu ni vya mafuta, mfano wa seli, tumevijaza rangi. Protini ikijipenyeza ukutani hufungua tundu, na rangi hutoka. Ili ipenye, ukuta hulainishwa kwa sabuni, kisha sabuni huondolewa yote.

Nikamwuliza kama amejaribu vifuko visivyo na protini.

"Daktari, mkuu wa maabara yetu, alisema si lazima."

Si lazima! Wasomi wa siku hizi hula karamu ya harusi kabla bibi harusi hajafika.

Tukavijaribu vile vitupu, vilivyopitia sabuni ileile. Navyo vilivuja. Hapakuwa na protini yoyote, ni sabuni iliyobaki ndiyo iliyotoboa ukuta. Nikamsema daktari mpaka koo likakauka.

Nambozo akauliza polepole, "Mzee, na ile ripoti ya shahada yangu, yenye majaribio haya, iliyoenda kwa watahini Jinja? Si ulikagua wewe?"

Ndiyo. Niliitia sahihi Ijumaa, na vifuko vitupu sikuviulizia.

Kesho naenda Jinja kuiomba irudi, kabla hawajamfelisha yeye kwa uvivu wangu.